Mwenzetu wa jogingi anaumwa saratani: apumzike au aje uwanjani?

Swali:

"Sisi ni kikundi cha jogingi hapa Kigoma mjini, tuko kama arobaini. Siku za kazi tunaanzia Mwanga, tunashuka mpaka stesheni na kurudi. Jumamosi tunanyoosha mpaka Ujiji. Mwenzetu mmoja, dada wa miaka 43, ndiye aliyekuwa akitupigia simu saa kumi na moja alfajiri kutuamsha. Mwezi wa nne aligundulika ana saratani ya titi. Amefanyiwa upasuaji Mwanza, titi la kushoto limetolewa pamoja na tezi za kwapani, na sasa anakwenda huko kila baada ya wiki tatu kuwekewa dripu za kemo. Ameshawekewa mbili. Wiki mbili zilizopita alitokea uwanjani amevaa raba na trakisuti, akasema anataka kutembea nasi hata kidogo. Ukazuka ubishi. Wengine walisema damu ikienda mbio inasambaza ugonjwa mwilini, wengine wakasema akianguka tutamjibu nini mumewe. Mwenyekiti akaita bodaboda, akarudishwa nyumbani. Tangu siku hiyo hapokei simu zetu. Alipotoka hospitali tulichanga tukampelekea shilingi 430,000, na kila asubuhi tunaandika maombi kwenye grupu. Lakini kikundi chenyewe kinakufa. Wanaokuja sasa hawafiki kumi na tano, maana tunaona vibaya kukimbia na kucheka wakati mwenzetu yuko kitandani. Tulikuwa tunajiandaa na mbio za kilomita 21, tumesimamisha. Je, afanye mazoezi au apumzike? Na sisi tufanyeje?"

Jibu:

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye bodaboda.

Unasema mwenzenu yuko kitandani. Mtu aliyeamka gizani, akafunga kamba za raba kwa mikono miwili ambayo mmoja wake bado unauma, akatoka nyumbani kwake hadi uwanjani, huyo hakuwa kitandani. Ninyi ndio mliomrudisha huko. Najua mlifanya kwa upendo na kwa woga, na woga wenyewe una sababu zake. Nitazipitia moja moja. Lakini jibu fupi ulijue mapema, usisome barua nzima roho ikiwa juu: aje. Aje akiwa na ruhusa ya daktari wake, aje kwa mwendo wake, na asije kila wiki. Kumpumzisha mtu ambaye hajaomba kupumzika kuna madhara, na kwa ugonjwa huu madhara hayo yanapimika.

Tuanze na hilo la damu kukimbia. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma kama lita tano za damu kila dakika, na damu yote iliyomo mwilini ni karibu lita hizo hizo tano. Maana yake usiku kucha, mwenzenu akiwa amejifunika shuka, damu yake inamaliza mzunguko mzima kila dakika moja au zaidi kidogo. Kama mwendo wa damu peke yake ungekuwa ndio unaosambaza saratani, usingizi usingemwokoa mtu. Chembe ya saratani ili isambae inabidi ijing'oe kwenye wenzake, ipenye ukuta wa mshipa, inusurike askari wa mwili waliomo kwenye damu, kisha itoke upande wa pili na kupata mahali pa kuota. Nyingi hufia njiani. Zinazofanikiwa hufanikiwa kwa tabia iliyomo ndani ya chembe zenyewe, na kutembea kutoka Mwanga hadi stesheni hakuzifundishi hila hizo.

Ushahidi tulio nao unaelekea upande wa pili kabisa. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana, wengi wao Kanada na Australia. Nusu walipewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka mitatu, nusu wakapewa vitabu vya ushauri tu. Ilipofika mwaka wa nane, upande wa mazoezi walikuwa hai takriban 90 katika kila 100, na upande wa vitabu 83. Sasa usichukue namba hizi ukaenda kumtangazia dada yetu kwamba akikimbia atapona. Ile ilikuwa saratani ya utumbo, na walianza mazoezi baada ya kumaliza kemo. Nimezitaja kwa ajili ya wale wa kikundi chenu wanaoamini mazoezi yanamwaga petroli kwenye moto. Ingekuwa hivyo, utafiti kama huo ungeonyesha waliofanya mazoezi wakifa kwa wingi zaidi.

La pili ni neno "pumzika". Ni neno zuri na sisi Waswahili tunalipenda: mgonjwa alale, aletewe uji, asiguse kazi. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wa miaka 20, wazima wa afya, wakawalaza kitandani wiki tatu mfululizo. Walipowainua, uwezo wa miili yao kutumia hewa kwenye mazoezi ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wakawapima tena watu wale wale, sasa wana miaka 50. Miaka 30 ya kuzeeka ilikuwa imewapunguzia kidogo kuliko zile wiki tatu za kitanda. Hao ni vijana wazima. Sasa mfikirie mama wa miaka 43 aliyepasuliwa, anayewekewa dawa zinazompunguzia damu na hamu ya kula, halafu na ninyi mnamwambia alale miezi sita.

Uchovu wa kemo pia si ule mnaoujua ninyi baada ya kwenda Ujiji na kurudi. Uchovu wenu unakwisha mkilala. Wake unaweza kumkuta ameamka nao kama vile hakulala. Damu imepungua, misuli imeanza kuyeyuka, usingizi wenyewe umekatika katika, na mawazo yapo. Akizidi kulala misuli inazidi kupungua, na kesho yake hata kwenda bafuni kunamtoa jasho, basi anaongeza kulala. Kinachokata mzunguko huo, katika vyote tulivyonavyo, ni mazoezi ya wastani. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, chini ya chuo cha tiba ya michezo cha Marekani, lilipitia tafiti zilizokuwepo na kupendekeza kwa wagonjwa wa saratani dakika 30 za mwendo wa wastani mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya kukaza misuli mara mbili kwa wiki. Lilikuta yanapunguza uchovu, wasiwasi na sononeko. Hiyo ni shabaha ya kuifikia pole pole. Mtu wa dripu ya pili anaweza kuanza na dakika kumi.

Hapa nikiri kosa langu, maana sitaki mdhani nawanyooshea kidole kutoka juu. Nilipoanza kazi ya fiziotherapia nilikuwa Tabora, kijana, na mafunzo yetu yalisema mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani asinyanyue kitu kizito kwa mkono ule maisha yake yote, la sivyo mkono utavimba. Nikamwambia mama mmoja: hata sufuria ya ugali usiguse. Alinitii kuliko wagonjwa wote niliowahi kupata. Alirudi baada ya miezi minne na binti yake wa miaka kama saba, nywele za mtoto zimesimama timtim. Nikamuuliza kwa utani, leo mtoto hakusukwa? Akaniinulia mkono. Uliishia usawa wa kifua. Bega lilikuwa limeganda. Mkono haukuvimba, ni kweli, ila ulikuwa haumfai kitu. Ilituchukua karibu mwaka kuurudisha nusu ya ulivyokuwa.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Wamarekani uliotupa sisi sote aibu. Waliwachukua wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa na uvimbe wa baada ya matibabu ya titi. Baadhi wakafundishwa kunyanyua vyuma, wakianza na vyepesi mno na kuongeza taratibu, chini ya usimamizi. Uvimbe haukuzidi kuliko wa wale waliokaa bila vyuma. Kwa kweli walionyanyua walipata vipindi vichache zaidi vya mkono kuwaka na kujaa. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa mwenzenu unahitaji kufanya kazi. Kama kidonda kimefunga na daktari wa upasuaji ameridhika, asimame karibu na ukuta, atambaze vidole kuupanda kama buibui hadi pale panapovuta, ahesabu kumi, ashuke. Mara chache, asubuhi na jioni. Baadaye achukue chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Hiyo ni nusu kilo, na ndiyo dambeli yake ya kwanza. Akizoea wiki mbili tatu bila mkono kulalamika, aende kwenye chupa ya lita moja. Ndoo itakuja wakati wake.

Cha kuangalia ni bangili na pete. Bangili iliyokuwa ikicheza ikianza kubana, au mkono ukawa mzito kama umelowa maji, asimamishe chupa na aende kuonwa. Na kuna jambo moja la Kigoma ambalo vitabu vya Wazungu haviliandiki: mkono ule usitumike kuparua migebuka bila glavu. Tezi zilizotolewa ndizo zilizokuwa zikilinda mkono. Mwiba mdogo wa samaki, ambao wewe ungeunyonya kidole ukaendelea, kwake unaweza kuleta mkono mwekundu wa moto na homa usiku huo huo. Mafuta ya mawese yanayoruka kwenye kikaango, vivyo hivyo.

Sasa kemo yenyewe, maana hapo ndipo ratiba yake inapotofautiana na yenu. Kalenda yake haina Jumatatu wala Jumamosi. Ina siku 21. Siku tatu nne za kwanza baada ya dripu ni za kichefuchefu na mwili kuuma. Hapo kutembea uani mara mbili kwa siku, dakika tano tano, kunatosha na ni ushindi. Kuanzia siku ya saba hivi hadi ya kumi na nne, chembe nyeupe za damu zinashuka chini kabisa. Anaweza kujisikia vizuri tu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mafua ya mtu mmoja wa kikundi yanaweza kumlaza wodini. Kipindi hicho atembee na mtu mmoja tu, mzima, kwenye njia isiyo na msongamano. Asije kwenye kundi la watu arobaini wanaokumbatiana na kupokezana chupa ya maji. Wiki ya tatu chembe nyeupe zinapanda tena. Hiyo ndiyo wiki yake ya kuja uwanjani. Mkihesabu vizuri mtajua kabla yake ni Jumamosi ipi mumtarajie. Nadhani hata siku ile aliyokuja alikuwa ameihesabu mwenyewe.

Kama mojawapo ya dripu zake ni ile nyekundu, inayofanya mkojo utoke mwekundu siku moja mbili, dawa hiyo kwa baadhi ya watu hulegeza msuli wa moyo. Haimaanishi asitembee. Inamaanisha amuulize daktari wake Mwanza maswali mawili: kipimo cha moyo, yaani ECHO, kimesemaje, na wingi wa damu ni ngapi. Damu ikishuka chini ya 8, mimi simpi mgonjwa zoezi zaidi ya kutembea ndani ya nyumba hadi daktari aseme vinginevyo. Chembe zinazogandisha damu zikiwa chini sana naondoa kila kinachoweza kumwangusha au kumgonga. Baadaye wanaweza kumbadilishia dawa, na baadhi ya zile za mbele hufanya nyayo na ncha za vidole zife ganzi. Akianza kusema anakanyaga kama yuko juu ya pamba, njia za mawe na mitaro ziachwe. Lami tu, mchana, raba zenye kisigino kipana, na mtu pembeni.

Akija, aende kasi gani? Msihangaike na saa za mkononi. Mnaimba mchakamchaka, sivyo? Kiongozi akiita na yeye akaweza kuitikia "chinja!" bila kukatika, kisha akaendelea kumsimulia aliye pembeni habari za jana, mwendo unamfaa. Akiitikia nusu, punguzeni. Akinyamaza kabisa, simameni. Na njia yenu ina kasoro moja kwake: kushuka stesheni ni rahisi, kazi iko kwenye kupanda kurudi Mwanga. Mgonjwa akishuka kwa furaha hadi chini atakuwa ameimaliza akiba yake mahali ambapo mlima ndio unaanza. Atembee sehemu ya tambarare, au ashuke nanyi polepole halafu apande bodaboda kurudi. Hapo ndipo bodaboda ina kazi yake.

Nije kwenye jambo ambalo, kama utasahau mengine yote, hili lishike. Kigoma ni mkoa wa malaria. Mtu akipata homa, kila mmoja hapo mtaani ni daktari: panadol, mseto, lala, kesho utaamka mzima. Kwa mtu aliye kwenye kemo, desturi hiyo inaua. Chembe nyeupe zikiwa chini, homa inaweza kuwa ndiyo dalili pekee ya maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na kutoka asubuhi hadi jioni hali inaweza kugeuka. Panadol inaishusha homa na kuuficha moto. Joto likifika 38, hata saa nane za usiku, ni hospitali. Kwenu Maweni ndiko kwa kukimbilia. Neno la kwanza mlangoni liwe "niko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani", halafu malaria ipimwe pamoja na damu nyingine. Huenda ikawa malaria kweli. Lakini aambiwe hivyo na maabara.

Mnataka kumnunulia kitu? Mnunulieni kipimajoto. Hakigharimu mchango wa watu arobaini. Na wawili au watatu kati yenu wenye pikipiki au gari waache namba zao kwa mumewe, kwa zamu, za kupigiwa usiku.

Kuna na safari. Kigoma hadi Mwanza ni kutwa nzima ndani ya basi, magoti yamekunjwa, na saratani pamoja na kemo vyote viwili huifanya damu iwe rahisi kuganda miguuni. Basi likisimama, Kasulu, Kibondo, popote, ashuke atembee hata kama hahitaji choo. Akiwa kitini akunje na kunyoosha vifundo vya miguu, anywe maji asiogope kuomba dereva asimame. Ndama ya mguu mmoja ikivimba na kuuma, au akibanwa kifua na kukosa pumzi ghafla, hilo halisubiri kesho. Hapo ndipo nguvu ya kikundi ingemfaa zaidi ya sala za kwenye simu: mtu wa kumsindikiza. Mumewe hawezi kuacha kazi kila wiki tatu. Ninyi mko arobaini.

Dalili nyingine za kuacha mazoezi na kwenda kuonwa nizitaje haraka: moyo kwenda mbio akiwa amekaa, miguu yote miwili kuvimba, kizunguzungu, fizi kutoka damu, na maumivu mapya ya mgongo au nyonga ambayo yanazidi usiku. Hilo la mwisho msiliite "misuli imekaza" mkamkanda. Linahitaji picha kwanza. Nami sijamwona kwa macho, kwa hiyo haya yote aende nayo kwa daktari wake, na aombe apelekwe kwa mtu wa fiziotherapia amtazame bega. Wagonjwa wengi hawaombi kwa sababu hawajui kuwa huduma hiyo inawahusu.

Mtauliza chakula, maana huulizwa kila mara. Ale anachoweza. Mayai, maharage, dagaa waliopikwa wakaiva, ugali. Atakayemletea majani ya mstafeli au chupa ya mizizi asimnyweshe bila daktari kujua, kwa kuwa baadhi ya vitu hivyo hugombana na dawa ndani ya ini. Sitabishana na nia ya aliyeleta.

Sasa ninyi wenyewe.

Hiyo 430,000 ilikuwa jambo jema, ila ilikuja kwa kishindo siku moja kama mnavyochanga kwenye msiba. Kemo inachukua miezi, na baada yake huenda kuna mionzi, halafu vidonge vya miaka. Afadhali elfu tano ya kila mtu kila baada ya wiki tatu, iliyofungamana na nauli yake, kuliko bahasha nene moja na kimya baada yake. Akizidiwa na gharama, mumewe aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali anakotibiwa, mapema, kabla deni halijawa kubwa. Watu huogopa ofisi ile kama ya polisi, na kumbe kazi yake ni kuwasaidia walioelemewa hivyo.

Maombi ya kila asubuhi kwenye grupu, je, aliyaomba? Muulizeni. Wapo wanaopata nguvu kwayo. Na wapo ambao kila asubuhi wanafungua simu na kukuta jina lao limezungukwa na alama za machozi, wakajiona wameshakuwa marehemu wa grupu. Ugonjwa ni wake; anayestahili kujua ni nani na kiasi gani, anaamua yeye. Kama kuna aliyeipeleka picha yake kwenye magrupu mengine kuchangisha, iondolewe leo.

Hiyo aibu ya kukimbia na kucheka naielewa. Nimeiona kwenye vikundi vingi, na mwisho wake huwa mmoja: mgonjwa anamaliza matibabu, anavaa raba, anakuta hakuna kikundi. Kisha anasikia kwamba kilikufa kwa sababu yake. Huo ni mzigo mliouandaa ninyi, na hakuna daktari atakayemtua. Rudini barabarani. Za kilomita 21 endeleeni nazo. Kwa kuwa mmelala wiki kadhaa, msirukie pale mlipoachia. Anzeni na nusu ya umbali mliokuwa mnakimbia, ongezeni kidogo kidogo kila wiki, na kama muda uliobaki hautoshi, kimbieni kilomita kumi. Msichapishe fulana zenye jina lake bila kumuuliza. Nimewahi kuona mama akipewa fulana yenye picha yake mwenyewe akiwa bado na nywele. Alishukuru, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Na akina mama wa kikundi chenu, ambao bila shaka sasa kila mmoja anajigusa usiku kwa hofu: jogingi haisababishi saratani ya titi, wala sidiria, wala titi kugongwa. Mwenye uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, au ngozi iliyojikunja kama ganda la chungwa, aende akapimwe na mtu, wiki hii. Uvimbe usiusubiri mpaka uanze kuuma; ulio wa hatari mara nyingi mwanzoni hauumi.

Limebaki la kumpatanisha na kikundi. Mwenyekiti aende mwenyewe nyumbani, asitume ujumbe na asimtume mkewe. Asianze na pole ya ugonjwa. Aanze na siku ile: "Dada, tulikukosea. Tulikuamulia mbele ya watu." Halafu anyamaze aisikilize hasira yake, kama ipo, bila kujitetea kwa habari za damu na mume. Akimaliza, aulize: ungependa Jumamosi ipi, na tuanzie wapi? Huenda akasema hataki kuonekana mpaka nywele zirudi. Hilo nalo ni jibu, na mlango ubaki wazi.

Na asiende na bahasha. Aende na karatasi yenye namba za simu za wale ishirini na tano walioacha kuja, ampe. Simu ya saa kumi na moja alfajiri haihitaji chembe nyeupe wala wingi wa damu. Anaweza kuipiga akiwa amejilaza. Kwa zile siku tatu nne za kwanza baada ya dripu mteueni mmoja ampokee zamu, na siku ya tano airudishe kwake bila kuulizwa.